Kitufe cha Kuku

Nilikwenda Ujiji kuzika, sikwenda kusikiliza ya watu. Lakini chumba cha wanawake msibani hakikosi maneno, na kabla sijapata pa kukunja miguu mkekani nikasikia nyuma yangu mama mmoja akimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Hivi marehemu ndiye yule aliyefukuzwa hotelini kule mjini kwa wizi wa samaki?" Mwenzake akavuta mtandio, akajibu, "Ndiye. Mashine ndiyo iliyomkamata. Watu walikuwa hawamwezi." Wakanyamaza kwa sababu Siwema, binti wa marehemu, alikuwa anapita na birika la chai ya tangawizi. Nilimeza chai ile ikaniunguza ulimi. Aliyelazwa chumba cha ndani akingoja kuoshwa alikuwa Mama Siwema, mpishi aliyenilisha mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na ile mashine wanayoisema ni mimi niliyekuwa nikiibonyeza.

Ya kwetu Buzebazeba, nani alinizaa na nilisoma wapi, nayaacha. Hayana kosa katika jambo hili. Niseme tu kwamba mimi ni mtu wa shaka tangu utotoni. Nikisifiwa, najiuliza huyu anataka nini. Mume wangu husema siku nikifika peponi nitamtaka malaika anionyeshe kitambulisho. Tabia hiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Bosi Sanga alikuwa mtu wa Makete, kwenye baridi kule, aliyeletwa Kigoma na kazi ya serikali, akaacha kazi na kubaki. Alikuwa amenunua hoteli ya chakula karibu na mteremko wa stesheni kutoka kwa watoto wa mzee mmoja aliyefariki. Aliniuliza swali moja tu: "Ukiambiwa mwenzako anaiba, utafanyaje?" Nikamjibu, "Nitaanza kumchunguza aliyeniambia." Akacheka mpaka akakohoa. Baadaye niliambiwa kwamba alikwisha kuibiwa na mshirika wake katika biashara ya kwanza, akawa haamini mtu. Tulikutana wagonjwa wawili wa ugonjwa mmoja, na akaniweka kaunta.

Hoteli yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja wa meza nane, zimetandikwa plastiki zenye picha za zabibu, matunda ambayo nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyaonja. Nyuma ya kaunta palikuwa na dirisha dogo la jikoni, na ni katika dirisha hilo nilipozoea uso wa Mama Siwema: kilemba, kipaji kinachong'aa jasho, na mwiko karibu na shavu kama mtu anayefikiri. Alikuwa amepika pale tangu enzi za yule mzee, kwa hiyo alituona wote wageni wake, bosi akiwemo. Saa kumi alasiri, wateja wa mchana wakiisha kuondoka, alitukusanya jikoni mimi, Hamisi mhudumu na waosha vyombo, akatupakulia sinia moja: ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyokolea mawese, na kila mtu kichwa au mkia wa mgebuka, samaki wa ziwa letu. Mimi alinipa kipande cha katikati. "Huyu ndiye anayekaa na hela," aliwaambia, "akiwa na njaa atatuibia wote." Wakacheka. Mimi nilikula huku nikijiuliza kwa nini ananipendelea. Sasa nina watoto wa kuwapakulia, najua hapakuwa na siri yoyote. Nilikuwa mwembamba, basi.

Uani palikuwa na uchanja wa miti wa kubanikia samaki, mweusi kwa moshi wa miaka. Bosi Sanga hakukaa sana kabla ya kuleta mafundi. Alitaka ua uwe sakafu ya saruji na miavuli, wateja wakae nje. Nilikuwepo aliposimama mlangoni na leso puani akasema, "Mama, moshi huu sitaki kuuona hapa. Utoe." Mama Siwema akamwuliza, "Niupeleke wapi, bosi?" "Popote. Utajua mwenyewe." Kesho yake uchanja haukuwepo. Hakuna aliyeuliza umekwenda wapi. Maneno hayo nayaandika mapema kwa sababu wote tuliyasikia, na wote tuliyasahau siku ile ile.

Ndipo ikaja mashine. Fundi alitoka nayo Dar, akaweka kishikwambi kwenye kaunta yangu, printa moja hapo hapo na nyingine jikoni, akatufundisha siku mbili. Kila chakula kilikuwa na kitufe chake chenye picha. Hamisi akileta oda, nabonyeza meza, nabonyeza chakula, na kule jikoni karatasi inatoka yenyewe. Hatukuipenda. Hamisi aliamini kwamba inanasa maneno, akawa akitaka kumsengenya bosi anakwenda kusimama barabarani. Mama Siwema kila alipomaliza kazi aliifunika printa yake kwa kitenge kikuukuu. Nilimwambia vumbi halitaiua. "Siyo vumbi, mwanangu," akasema. "Kitu kinachotoa ulimi bila kuulizwa, mimi sikiamini." Nami kwa upande wangu, wiki ya kwanza niliandika kila oda kwenye daftari pia, ili niikamate ikidanganya. Kila jioni ilinikamata mimi.

Niwe mkweli, maana haki hata mashine inastahili: ilitusaidia. Kelele za kuitana dirishani zilikwisha. Meza ya pili haikula tena chakula cha meza ya tano. Tuligundua kwamba supu inaisha kabla ya saa tatu asubuhi huku chapati zikilala, tukaongeza supu na kupunguza chapati. Tuligundua kwamba wanaoshuka kwenye treni wanataka wali, na waliozaliwa hapa ndio wanaotaka ugali, jambo ambalo Mama Siwema alisema angetuambia bure kama tungemwuliza. Wateja waliongezeka, miavuli ikajaa. Ubaya wa ile mashine ulikuwa mmoja tu: ilijua kile tulichoiambia, na sisi tulikuwa watu wa kufichana.

Bosi alikuwa na ujenzi Kasulu, akawa anashinda huko siku nyingi na kuitazama hoteli yake kwenye simu. Ungekuta tumetulia, simu ya kaunta inalia. "Devota, meza ya tatu mmeiandika oda nusu saa iliyopita, mbona hamjaifunga? Kuna nini hapo?" Kulikuwa na mteja anayechokoa meno, ndilo lililokuwepo. Lakini tulijikuta tunatembea tumenyooka, kama watu wanaotazamwa kwenye tundu la ufunguo. Tukiteta naye juu ya jambo lolote alikuwa na jibu moja: "Simu haidanganyi."

Sasa nije kwa samaki. Mama Siwema alipitia mwaloni Kibirizi kila asubuhi, boti zikiwa zimetua, akaja na ndoo yake kwenye bajaji. Tulihesabu pamoja dirishani, mimi nikaingiza idadi. Fundi alikuwa ameipanga hivi: hesabu inaanza upya kila asubuhi, kila sahani ya mgebuka nikiiuza, mashine inapunguza samaki mmoja, na wakiisha, kitufe kinafifia, hata ukibonyeza hakikubali. Kuku hakuwa na hesabu, kwa sababu hukatwa vipande, huyu robo, yule paja, na fundi alichoka. Na mtu wa ziwa hili hahitaji kuambiwa habari ya mwezi. Wavuvi wa migebuka na dagaa huvua kwa taa, na taa inataka giza. Siku za giza samaki wanamwagika mwaloni. Mbalamwezi ikikomaa hawafuati taa, mitumbwi inapandishwa ufukweni na watu wanashona nyavu. Kwa hiyo siku za giza Mama Siwema alinunua kuliko tulivyoweza kuuza. Umeme wakati ule ulikuwa wa kubahatisha, na friji yetu ilikuwa kabati tu. Jioni samaki waliobaki niliwaona wakiingia kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo ikitoka kwa mlango wa nyuma mkononi mwa Mama Siwema, kuelekea Ujiji. Mara ya kwanza nilisema moyoni, anawapelekea wanawe. Mara ya tano nilianza kuhesabu.

Halafu mbalamwezi ikaingia. Mchana mmoja Hamisi alikuja na oda ya meza tatu, zote migebuka, na mimi nikatazama kitufe, kimefifia. Nikainama dirishani. "Mama, mashine inasema samaki hakuna."

"Iambie wapo."

"Haisikii, mama."

"Basi andika unavyojua wewe. Watu wana njaa."

Harufu ilikuwa imekwisha kunifikia: mgebuka mkavu wa moshi, amelowekwa, amerudishwa motoni na mawese na nyanya. Chini ya meza ya jikoni palikuwa na tenga lililofunikwa majani ya mgomba, limejaa. Nikajenga kesi nzima kichwani wakati Hamisi akingoja. Anachukua wabichi wa bosi, anakwenda kuwauza kwake. Sasa ameleta wakavu wake mwenyewe awauze humu humu kwa wateja wa bosi, wagawane na Hamisi nje. Nilikuwa na hakika. Lakini kumwuliza nilishindwa. Mtu anayelingana na mama yako, tena anayekupakulia, humwulizi chakula hiki umekitoa wapi. Kwetu swali hilo ni tusi, ni sawa na kumwita mwizi akiwa na mwiko mkononi. Nilimpenda. Nikaona heri nimfichie. Sahani ya kuku na sahani ya mgebuka bei ilikuwa moja. Nikabonyeza kuku, mara tatu. Jikoni ulimi ukatoka. Akausoma, akanitazama dirishani, akapakua samaki.

Ikawa desturi yetu. Kila mbalamwezi tenga lilikuja, na kila mbalamwezi nilibonyeza kuku. Hela iliingia yote kwenye droo ya bosi, na Mama Siwema hakuja hata siku moja kuniambia nimpe chake. Hilo peke yake lingetosha kunifumbua macho. Mwenye shaka hutazama mahali alipokwisha kuamua kutazama, na mimi nilikuwa natazama ndoo.

Bosi alifurahi. "Watu wa Kigoma wameanza kupenda kuku," alinipigia kutoka Kasulu, "umeona?" Niliona. Lakini mwezi wa nne au wa tano tangu mashine ije, aliketi mbele ya kaunta yangu akaniwekea simu usoni. Palikuwa na mchoro wa mstari unaopanda na kushuka. "Hawa ni samaki walioingia na hawakuuzwa," akasema. "Wanapotea siku kadhaa mfululizo, halafu wizi unakoma, halafu unaanza tena. Na tazama ujanja wake: kila mwezi anasogeza tarehe, ili nisimtegee." Nilizaliwa kando ya ziwa. Nililala utoto wangu wote nikisikia watu wakisema leo wamekwenda, leo hawakwenda. Nikautazama mchoro ule, mwezi wenyewe umechorwa pale, unapanda na kushuka, na mimi nikaona mwizi mwenye akili. Bosi akaniuliza, "Nani anatoka na ndoo?"

Nikasema, "Mama Siwema hutoka na ndoo." Sikusema uongo. Nimejitetea kwa maneno hayo mawili kwa miaka mingi.

Asubuhi yake alitukusanya ukumbini kabla ya kufungua, viti bado vikiwa juu ya meza. Mama Siwema alikuwa amekwisha kuwasha majiko. Alikuja akifuta mikono. Bosi hakuketi. "Mama, samaki wangu wako wapi?"

"Wapo."

"Wapo wapi? Friji tupu. Umeonekana ukitoka nao."

"Bosi, si wewe mwenyewe uliyesema..."

"Mimi sikusema mtu achukue mali yangu!" Akainua simu. "Hii hapa. Siku baada ya siku. Haina ugomvi na wewe, haikujui, haikuonei. Simu haidanganyi."

Mama Siwema hakuitazama simu. Alitutazama sisi, mmoja mmoja, kama anayetafuta nani ataanza. Hamisi aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia kishikwambi, kana kwamba kuna oda. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya printa yangu. "Sufuria la maharage liko motoni," akasema, "lisiungue." Akatoka kwa mlango wa mbele, ambao kwa mwaka mzima sikuwahi kumwona akiutumia. Nilikwenda kuinua mfuniko wa maharage nikakuta ameyatilia chumvi kabisa.

Bosi alinipa funguo siku ile ile. "Wewe peke yako ndiye ninayekuamini," akasema, na nikaona vibaya kwamba nilifurahi. Mpishi mpya alikuja, mpole, wa kukaanga kila kitu. Na bosi, kwa kuwa simu ilikuwa imemwonyesha kwamba kuna siku za kuku, akajenga banda kule Mwandiga, akajaza kuku, akawa anazihesabu siku. Mbalamwezi ikaja. Samaki hakuna. Kuku waliletwa wamefungwa miguu, wakachinjwa, wakakaangwa, wakalala. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wateja waliingia, wakanusa, wakauliza, wakaondoka. Bosi alinisimamia kaunta akifikicha macho. "Wamekwenda wapi walaji wangu wa kuku?"

Mzee mmoja wa reli, mteja wetu wa zamani, ndiye aliyenijibia bila kujua. Aliketi meza ya dirishani akauliza, "Binti, wale wakavu wa mbalamwezi safari hii hamna?" Nikamwambia hatuna. Akashangaa. "Tangu enzi za mzee, mwezi ukiwaka hapa tunakula wakavu. Siku za giza mama anabanika wanaobaki, mwezi ukija anawatoa. Uani pale palikuwa na uchanja." Akageuka kuuonyesha kwa kidole, akakuta miavuli.

Nikakaa. Moshi huu utoe. Popote, utajua mwenyewe. Aliutoa, akaupeleka kwake, na samaki wakaufuata moshi. Alipowarudisha, mimi ndiye niliyewageuza kuku. Kama ningebonyeza kitu kingine chochote, kama ningepiga simu kwa fundi, kama ningeinama dirishani na kuuliza maneno mawili, mchoro ule ungejaza shimo lake wenyewe. Nilikuwa nimemfichia mtu wizi ambao hakuufanya, na kwa kumfichia nikamtengenezea ushahidi.

Jumapili nikatoka misa nikashika njia ya Ujiji. Nilimkuta uani kwake anachambua mchicha, na nyuma yake ule uchanja, mweusi, naujua. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Umekonda tena," akasema, "hawakupi chakula?" Juu ya uchanja palikuwa na tenga lililofunikwa majani ya mgomba, yamekauka. Akaniona ninalitazama. "Hao ni wa hoteli. Ndio wa mwisho. Nilidhani mtatuma mtu."

"Hukuwauza?"

"Niuze samaki wa watu?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, na hapo ndipo nilipoanza kulia. Nilimweleza yote, kitufe kilivyofifia, kuku, ndoo, swali la bosi na jibu langu. Alinisikiliza mchicha ukiwa mkononi. "Zile karatasi zilizoandikwa kuku," akasema mwishowe, "mimi nilidhani ni mambo ya mashine yenu. Nilidhani bosi anajua. Kumbe ulikuwa ukiniona mwizi, na bado unakula kwangu?"

Nilifuta machozi kwa kiganja.

Mama Siwema akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Haya. Nenda kamwambie kama ulivyoniambia mimi. Kazi sina haja nayo sana. Nataka anijue mimi si mwizi, na watu wajue. Ukishamwambia, njoo. Nitachinja kuku, huyo huyo kuku wenu, tumle na kumcheka." Nikamwahidi. Nikabeba tenga kichwani mpaka barabarani.

Bosi alikuwa ukumbini, peke yake, na madaftari ya banda la Mwandiga mbele yake. Macho yalikuwa mekundu. Kabla sijafungua mdomo alisema, "Devota, kuna mtu anacheza na mashine yangu. Nikimjua, huyo sitamfukuza, huyo atalala polisi." Tenga lilikuwa bado mikononi mwangu. Akauliza, "Nini hicho?" Nikasema, "Samaki wakavu, bosi. Nimewapata Ujiji, bei nzuri. Wateja wanawauliza." Akanusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Unaona? Ndiyo maana nakuamini wewe."

Kesho yake nilimpigia fundi, akaniwekea kitufe kipya, mgebuka mkavu, na hesabu yake. Kila kitu kikanyooka. Wateja walirudi, mchoro ukatulia, kuku wa Mwandiga wakauzwa kwa hasara kidogo kidogo, na bosi akasema mashine imekwisha kuzoea. Nilisema nitamwambia akitulia. Alipotulia nikasema, kwa nini nimchafue sasa. Miaka mitatu baadaye niliondoka nikafungua mgahawa wangu pale Mwanga, wenye mashine nzuri kuliko ile, na namwuliza kila mpishi wangu kila kitu, mpaka wananiona mkorofi. Bosi Sanga alirudi kwao bila kujua. Mama Siwema hakupata jiko jingine la hoteli mjini. Kila alikoomba, ile habari ilikuwa imekwisha kufika. Alikaanga mihogo mlangoni kwake. Nilipita Ujiji mara nyingi, nami nilizunguka njia ya nyuma.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo nilipoketi mkekani nikiwasikia wale mama wawili. Waliendelea, mmoja akasema, "Lakini alikuwa mtu mwema, samaki tu ndio waliomponza." Wanawake walikuwa wamejaa chumbani, wengine wamelala ubavu kwa uchovu, na watoto mapajani. Nikageuka. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hakuiba," nikasema. "Samaki aliwabanika akawarudisha wote. Mashine ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyewaandika kuku, bosi akaniuliza, nikamtaja yeye. Aliniomba niseme, nikaahidi, sikusema." Nikasema tena tangu mwanzo, kwa sababu walioko mlangoni walikuwa hawakusikia. Hakuna aliyenikatiza. Yule mama wa mtandio alitazama chini.

Siwema alikuwa amesimama mlangoni na sinia la wali. Hatukuwa tumeonana tangu akiwa msichana wa shule. Aliniangalia mpaka nikadhani ataniambia nitoke, na ningetoka. "Uliwaandika nini?" akauliza.

"Kuku."

Akaliweka sinia chini polepole. "Mama tangu mwaka ule hakula kuku," akasema. "Hata Idi. Hata harusini kwangu. Tukimwuliza anatuambia, nitakula siku mgeni wangu akija. Mgeni gani, hasemi. Tukadhani ni uzee." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Hakututajia jina lako hata mara moja."

Akachukua birika la maji na beseni, akapiga magoti mbele yangu.

"Karibu, mgeni," akasema.

Nikanyoosha mikono, akaninawisha.